Magari ya Ulaya Kahama: Bei ya kununua inatajwa, bei ya kusimamisha inafichwa

Na Mwandishi Wetu, Nyahanga

Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 za Marekani kwa aunsi mwezi Machi 2025, na ilipofika Oktoba ya mwaka huo huo ikavuka dola 4,000. Habari ya namna hiyo ikifika Kahama haibaki kwenye karatasi. Inateremka kwa wenye maduara, kwa wenye makarasha, kwa wanunuzi wa dhahabu, kwa wauza mchele na mama lishe, na hatimaye inaonekana barabarani. Hapa Nyahanga, ambako mtu aliyefanikiwa alikuwa akitambulika kwa Toyota Hilux au Land Cruiser, sasa yanapita magari ya Mercedes-Benz, BMW, Audi, Volkswagen Touareg na Range Rover. Mengi kati ya hayo yametumika Japani au Uingereza kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam.

Safu hii haina ugomvi na mtu anayetumia jasho lake kununua gari zuri. Tunalotaka kulisema wiki hii ni la kibiashara. Soko letu linauza magari hayo kwa bei isiyokamilika. Mnunuzi anatajiwa bei ya gari, nauli ya meli, ushuru, gharama za bandari na posho ya dereva wa kulileta Kahama. Hatajiwi bei ya kulisimamisha. Bei hiyo ipo, inajulikana kwa kila fundi mzoefu, na kwa kuwa haitajwi mapema inalipwa baadaye kwa njia mbaya: kwa spea bandia, kwa diski zilizokerezwa mpaka zikawa nyembamba kama sahani, na wakati mwingine kwa miguu ya watu ambao hawakuwahi kupanda gari hilo.

Kwa nini gari hilo ni rahisi

Wako wanaojiuliza inakuwaje Mercedes-Benz ya miaka 10 au 12 ipatikane Japani kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ya kawaida ya umri huo. Jibu liko katika sheria za huko. Japani gari dogo la binafsi hukaguliwa kwa lazima likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Uingereza ukaguzi ni wa kila mwaka baada ya miaka 3 ya mwanzo. Katika ukaguzi huo breki hupimwa kwa mashine, na gari lisilofikia kiwango halirudi barabarani mpaka litengenezwe. Mwenye gari la Ulaya lililozeeka anapopiga hesabu ya diski, pedi, mipira ya miguu na vifaa vya umeme, mara nyingi anaona ni afadhali aliuze kabla ya tarehe ya ukaguzi kufika.

Kwa maneno mengine, punguzo tunalolifurahia Kahama ni deni la mtu mwingine ambalo limeahirishwa. Aliyelikimbia deni hilo ana gereji nzuri na spea karibu na nyumbani kwake. Sisi tunaolipokea tuko takriban kilomita 1,000 kutoka bandarini. Wahenga walisema rahisi ghali, na hawakuwa wameona gari lenye sensa ya breki kwenye gurudumu.

Uzito, mwendo na moto

Breki kazi yake ni moja: kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 2,000 likienda kilomita 100 kwa saa linabeba nishati ya kilojuli 770 hivi. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji ya mtungini. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu kwa sababu ng'ombe wamekatiza barabara, joto lote hilo linaingia kwenye diski na pedi kwa sekunde chache.

Sasa linganisha. Toyota IST, ambayo mafundi wetu wengi wamejifunzia kazi, ina uzito wa kilo 1,000 hivi. Mercedes-Benz ya aina ya ML ina zaidi ya kilo 2,000 kabla watu na mizigo havijapanda. Uzito ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara mbili. Mwendo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Mwenye ML anayekwenda kilomita 120 kwa saa anadai kutoka kwenye breki zake kazi mara nane ya ile anayodai mwenye IST anayekwenda 60. Hakuna ufundi wa kubahatisha unaoweza kulipa deni la ukubwa huo.

Mtihani wa kwanza huja mapema. Gari likitoka Dar es Salaam kuja kwetu linapita Dodoma na Singida, kisha linateremka mlima Sekenke kabla ya kufika Igunga na Nzega. Mlima ule, ambao dhahabu yake ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, umekwisha kuwapima madereva wengi wa malori. Gari dogo la kifahari lililokaa miezi melini na bandarini, lenye mafuta ya breki ambayo hakuna ajuaye yaliwekwa lini, linateremshwa pale na dereva wa kukodi ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kuliendesha. Likifika salama, mwenye mali anadhani breki ni nzima. Ukweli ni kwamba gari limefaulu mara moja tu.

Diski ni kifaa cha kuisha

Kosa kubwa katika soko letu ni kudhani kwamba diski ni kifaa cha kudumu na pedi pekee ndizo zinazoisha. Kwa gari la Ulaya mambo sivyo yalivyo. Watengenezaji wa huko walipanga magari yao kwa ajili ya barabara za mwendo mkubwa, hivyo pedi zao mara nyingi zina chembe za chuma zinazokamata vizuri hata zikiwa za moto. Pedi hizo ndizo zinazotoa vumbi jeusi linaloganda kwenye rimu, na zinaila diski pamoja na kujila zenyewe. Mhandisi aliyeichora breki hiyo alikusudia diski ibadilishwe, kama soli ya kiatu.

Ndiyo maana kila diski imeandikwa unene wake wa mwisho. Ukitazama kwenye kingo au katikati utaona maneno MIN TH na namba ya milimita. Tofauti kati ya diski mpya na iliyokwisha kwa kawaida ni milimita 2 hivi, tena kwa pande zote mbili pamoja. Hapo ndipo inapoonekana hasara ya kukereza. Diski inayotetemesha usukani inapopelekwa kwa fundi wa kukereza, inaondolewa sehemu kubwa ya uhai uliobaki au hata kupitiliza kiwango. Usukani unatulia, mteja anafurahi, fundi analipwa. Lakini diski nyembamba inapata moto haraka, inapinda upya, na ikizidi inaweza kupasuka. Mteja amelipa ili apate tatizo lile lile likiwa kubwa zaidi.

Hatusemi kukereza kumepigwa marufuku. Diski nene iliyochakaa kidogo inaweza kusawazishwa, mradi ipimwe kabla na baada ya kazi na ibaki juu ya namba iliyoandikwa. Tunachouliza ni hiki: ni gereji ngapi katika mji wetu zenye kipimo cha venia, na kati ya hizo ni ngapi zinazomwonesha mteja namba? Mchimbaji wa Kahama hawezi kumuuzia mtu dhahabu bila mizani. Iweje akubali kununua breki kwa macho?

Taa inayokatwa mdomo

Magari mengi ya Ulaya yana waya mdogo uliochomekwa ndani ya pedi. Pedi ikiisha, waya unagusa diski na taa inawaka mbele ya dereva. Hiyo ndiyo sensa, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na vifaa vingine vya gari hilo. Hata hivyo, imezoeleka katika baadhi ya gereji kuzikata nyaya hizo na kuziunganisha pamoja ili taa izimike. Kinachofanyika hapo ni kumziba mdomo shahidi. Kuanzia siku hiyo pedi itaisha kimya kimya mpaka chuma kikutane na chuma, na pedi ambazo zingebadilishwa peke yake zinaondoka na diski, pengine na pistoni ya kalipa pia.

Barabara zetu zinaongeza tatizo. Mwenye gari anayekwenda machimboni kwa njia za vumbi, kisha akapita kwenye tope la masika, anaingiza mchanga katikati ya pedi na diski. Pini ambazo kalipa inatelezea zinakauka na kunata. Upande mmoja wa pedi unaisha wakati wa pili ungali mnene, na sensa, ikiwa iko upande ule mnene, haisemi kitu. Dawa yake ni ya bei ya chini kabisa: kufungua magurudumu, kusafisha, kupaka pini grisi maalumu inayostahimili moto na isiyoharibu mpira, na kutazama pedi zote mbili za kila gurudumu. Kwa mtu wa njia za vumbi tunashauri kazi hiyo ifanyike kila gari linapobadilishwa oili. Pedi ikibakiwa na milimita 3 ibadilishwe.

Breki zenye kompyuta

Liko jambo jingine ambalo fundi aliyezoea Toyota za zamani hawezi kulikisia. Volkswagen Passat ya kuanzia mwaka 2005 na baadhi ya Audi za miaka hiyo zina breki ya mkono inayofungwa na mota ndogo iliyokaa juu ya kalipa ya nyuma. Kabla ya kubadilisha pedi, mota hiyo lazima irudishwe nyuma kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Fundi akiisukuma pistoni kwa nguvu kama alivyozoea, anavunja meno ya ndani, na kazi ya pedi inageuka kuwa kazi ya kununua kalipa.

Mercedes-Benz za daraja la E zilizotoka kati ya 2002 na 2006 zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Nyingi zilifungwa mfumo unaoitwa SBC, ambao unatunza mafuta ya breki kwa shinikizo kubwa na kuyaachia kwa amri ya kompyuta. Kampuni yenyewe iliyaita magari 680,000 yarudi kukaguliwa mwaka 2004, ikayaita magari milioni 1.3 mwaka 2005, kwa sehemu kwa sababu ya mfumo huo, na kufikia 2006 ikaachana na mfumo huo katika daraja hilo. Gari la namna hiyo linaweza kujipima lenyewe likiwa limesimama na kuzisukuma pistoni ghafla. Fundi aliyeweka vidole kati ya pedi bila kwanza kuzima mfumo anaweza kuvipoteza. Tunalitaja hili kwa sababu vijana wengi wanaojifunza kazi katika gereji zetu hawajawahi kuambiwa.

Halafu kuna suala la mwezi Juni 2022. Mercedes-Benz iliyaita magari karibu milioni moja duniani, ya aina za ML, GL na R yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015. Busta ya breki, yaani lile kopo kubwa linaloongeza nguvu ya mguu wa dereva, ilikuwa inaweza kuliwa na kutu chini ya mpira wake na kuvuja. Dalili zake ni kanyagio kuwa gumu na mlio wa upepo unapokanyaga. Katika hali mbaya zaidi kanyagio linaweza kutengana na mfumo wa breki. Nchini Marekani wenye magari hayo waliambiwa wasiyaendeshe mpaka yakaguliwe.

Sasa msomaji ajiulize: mwito huo ulimfikiaje mtu wa Kahama? Barua za namna hiyo hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana na kiwanda. Gari lililouzwa katika mnada, likapanda meli, likauzwa Dar es Salaam na kuuzwa tena Kahama, halina anwani ya barua. Njia iliyobaki ni mwenye gari mwenyewe kuchukua namba ya chasisi na kuuliza kwa wakala wa kampuni kama gari lake limo katika orodha na kama kazi ilikwisha kufanyika. Kuuliza hakuhitaji mtaji. ML ni katika magari yanayopendwa sana na watu wenye fedha wa ukanda huu, na safu hii inaona ni aibu kwa muuzaji kuiweka uwanjani bila kuwa na jibu la swali hilo.

Mafuta ya breki: kazi ndogo inayosahaulika

Ikiwa mwenye gari ana fedha ya kufanya jambo moja tu, basi abadilishe mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, kupitia mipira na kifuniko cha kopo lake. DOT 4, ambayo ndiyo inayotumika katika magari mengi tunayoyazungumzia, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kwa kiwango kinachotumiwa kuipimia, kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 3, ambayo wauzaji wengine hukupa wakisema ni ile ile, inaanzia 205 na kushuka hadi 140.

Madhara yake ni haya. Gari linateremka mlima, diski zinapata moto, maji yaliyomo kwenye mafuta yanakuwa mvuke. Mafuta hayabonyei lakini mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga, kanyagio linazama mpaka sakafuni, gari linaendelea kwenda. Nusu saa baadaye, kila kitu kikiwa kimepoa, mvuke umegeuka kuwa maji tena na kanyagio linarudi kama kawaida. Fundi anayeitwa kukagua haoni kasoro, na lawama inabaki kwa dereva. Mungu ndiye anayejua ni ajali ngapi zimeandikwa mwendo kasi wakati chanzo chake kilikuwa chupa ya mafuta isiyobadilishwa.

BMW na Mercedes-Benz zote zinaagiza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama gari halikutembea sana. Gharama yake ni lita moja au zaidi kidogo ya DOT 4 na muda wa fundi wa kutoa upepo gurudumu baada ya gurudumu. Chupa iwe haijafunguliwa, kwa sababu iliyofunguliwa na kukaa rafuni imeshaanza kunyonya unyevu. Na anayethubutu kuongeza oili ya injini au mafuta ya usukani ajue kwamba yanavimbisha mipira yote ya mfumo, kuanzia masta hadi kalipa, na mfumo mzima utadai kufumuliwa.

Hoja ya ughali

Tunajua tutajibiwaje. Wenye magari watasema spea halisi za Ulaya ni ghali mno na Kahama si Dar es Salaam. Mafundi watasema wametengeneza magari miaka mingi kwa akili zao na magari yanatembea. Wauzaji wa spea watasema wanaleta kile mteja anachoweza kulipia.

Hoja hizo zina uzito, ila zinajengwa juu ya dhana kwamba machaguo ni mawili tu: boksi lenye nyota ya Mercedes-Benz kutoka kwa wakala, au pedi isiyo na jina kutoka kwenye gunia. Yako machaguo ya katikati. Kampuni za magari hazitengenezi pedi zenyewe. Zinanunua kutoka kwa viwanda kama Brembo, ATE, TRW, Textar na Bosch, na viwanda hivyo vinauza bidhaa zao pia kwa majina yao wenyewe, aghalabu kwa bei iliyo chini ya ile ya boksi lenye nembo ya gari. Muuzaji wa Nyahanga akiagiza kwa namba ya chasisi kutoka kwa muuzaji wa jumla anayeaminika Dar es Salaam, mzigo unakuja na basi.

Pedi zinazouzwa Ulaya kwa ajili ya kubadilishia lazima ziwe na alama ya herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R. Maana yake zimepimwa na kuthibitishwa kwamba hazipishani na za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika nguvu ya kusimamisha. Alama inaweza kughushiwa, hilo linajulikana, lakini pedi isiyo nayo kabisa haina hata cha kughushi. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wamepewa mamlaka ya kushughulika na bidhaa bandia na zisizo na viwango. Muuzaji mwaminifu anayepunjwa na mwenye pedi za gunia ana haki ya kulalamika huko, na mteja vile vile.

Ama hoja ya mafundi, jibu letu ni la heshima. Fundi wa Kahama anayeweza kufufua injini ya lori katikati ya safari ya kwenda Rwanda au Burundi hana upungufu wa akili. Anachokosa ni vipimo, mashine ya kusomea kompyuta, na mteja aliye tayari kulipia muda wa kupima. Mteja anayetoa fedha nyingi kwa gari kisha akabishania ujira wa fundi wa breki ndiye anayemfundisha fundi kukata nyaya za sensa.

Tunapendekeza nini

Kwanza, mnunuzi atenge fedha ya breki kabla ya kulipia gari. Pendekezo letu ni asilimia 10 ya bei ya gari likiwa limefika. Mwenye gari la shilingi milioni 30 awe na milioni 3 ambazo haziguswi kwa redio, rimu wala vioo vyeusi. Asipokuwa nazo, hana fedha ya gari hilo, ana fedha ya gari dogo zaidi. Na kazi ya kwanza ifanyike Dar es Salaam kabla ya safari: mafuta ya breki yabadilishwe na magurudumu yote manne yafunguliwe. Sekenke isiwe ndiyo gereji ya kupimia.

Pili, wauzaji wa spea wauze kwa namba ya chasisi na kwa jozi. Pedi na diski za gurudumu la kushoto na la kulia za ekseli moja hubadilishwa pamoja, la sivyo gari linavuta upande. Risiti ya EFD iandikwe jina la kiwanda na namba ya kifaa. Muuzaji anayekataa kuandika anajua anachokiuza.

Tatu, gereji ziwe na karatasi ya vipimo. Karatasi moja inatosha: tarehe, kilomita, unene wa kila diski na kiwango chake cha mwisho, unene wa kila pedi, na tarehe ya mafuta ya breki. Nakala moja apewe mteja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali. Siku ya kuliuza, mwenye karatasi hizo atapata bei nzuri kuliko asiye nazo, kwa hiyo faida inarudi mfukoni mwake.

Nne, gereji za Nyahanga na kata jirani zichange na kununua mashine moja nzuri ya kusomea kompyuta za magari ya Ulaya, itunzwe na mtu mmoja na kulipiwa kwa kila matumizi. Wachimbaji wadogo wanajua namna ya kuchangia pampu ya maji na kugawana gharama. Mafundi wanaweza kufanya vivyo hivyo. VETA Shinyanga nayo iombwe kuandaa mafunzo mafupi ya breki za kisasa kwa mafundi walioko kazini, yatolewe hapa Kahama na kwa siku ambazo hawatapoteza wateja.

Tano, kampuni za bima zinazotoa bima kubwa kwa magari haya zidai karatasi ya vipimo kabla ya kuhuisha bima. Kampuni hizo ndizo zinazolipa gari likigonga, na haieleweki kwa nini hazijaonesha hamu ya kujua kama linaweza kusimama. Stika ya bima haipimi unene wa diski.

Anayelipa asiyehusika

Barabara kuu inayopita mji wetu inabeba malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, mabasi, bodaboda, baiskeli zenye magunia ya mchele na watoto wa shule, wote katika upana ule ule wa lami. Katika msongamano huo gari zito lenye mwendo ni silaha inapokosa breki. Mwenye Range Rover ana mikanda, ana mifuko ya hewa na ana bodi nene. Mwenye baiskeli ana mchele wake tu.

Soko la Kahama limejifunza kupima dhahabu kwa mizani, mchele kwa kilo na dizeli kwa lita. Limekataa kupunjwa katika kila kitu linachokithamini. Kinachotakiwa sasa ni kuiingiza milimita katika orodha hiyo, na muuzaji wa gari la Ulaya akitaja bei yake, swali la kwanza la mnunuzi liwe: diski zina unene gani, na karatasi iko wapi?